Asali Kwenye Kinanda: Safari ya Kilimatinde na Mama

Mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, kwenye simu, dukani, na juzi hata msibani, kwamba ilikuwaje huko Singida. Nimechoka kueleza vipande. Mmoja anajua habari ya asali lakini hajui habari ya mama. Mwingine amesikia tu kwamba Kassim nusura asababishe mtu apigwe, akacheka bila kujua sababu. Haya, yote haya hapa kwa mkupuo mmoja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye karatasi hizi.

Kwa watakaopitishiwa maandishi haya na hawanijui: naitwa Yunis, Mnyaturu wa Ilongero, na kazi yangu ni kupiga kinanda cha mdomo. Si kile cha watoto cha sikukuu, ingawa nilianza na hicho. Changu kina kitufe ubavuni, na ninachopiga ni jazi, muziki ambao mpigaji huanza na wimbo unaojulikana, akauacha uende unakotaka, kisha kazi yake ni kuurudisha nyumbani salama. Nimepiga miaka mingi kwenye hoteli za Dar. Nimepiga Nairobi na Kigali, watu wakasimama. Mama yangu mzazi alikuwa hajanisikia hata mara moja.

Huko Ilongero mtu akimuuliza, "Yunis anafanya kazi gani siku hizi?" mama alikuwa na jibu moja: "Yuko hotelini." Basi, haongezi neno. Nusu ya Ilongero walijua natandika vitanda.

Baba alipofariki alimwachia mashine ya kukamua alizeti. Ni mashine yenye sifa pale kwetu, na ina sheria yake: ikishawashwa haizimwi mpaka gunia la mwisho. Siku niliyoondoka kwenda Dar kwa mara ya kwanza, nilimuaga mama kwa kupiga kelele juu ya mngurumo wake, naye akanipungia mkono wenye mashudu. Sasa magoti yamemwanza mama, na kila akinipigia simu wimbo ni huo huo: rudi uendeshe mashine, huko kupuliza utapulizia hapa hapa.

Ndipo ukaja mwaliko wa kanisa la Kilimatinde, nilikosoma bweni, nikapige kwenye sikukuu yao ya mavuno. Nikampigia mama. Nikamwambia twende wote, anisikie mara moja tu. 

"Nitakuja," akasema. "Watu wakikaa mpaka mwisho, sitakuuliza tena habari ya mashine. Wakinyanyuka wakaondoka, na wewe unanyanyuka huko Dar unarudi nyumbani. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Mama yangu hana utani na maneno ya namna hiyo, na mimi ni mtoto wake. Nilijua nikishindwa nitarudi kweli.

Ilongero hadi Singida mjini

Kassim, mpiga gitaa wangu, ni mtu wa Tanga, na hakuwahi kufika bara zaidi ya Morogoro. Usiku wa kwanza nyumbani mama alimwekea ugali wa uwele na mlenda. Kassim alichovya tonge, akaliinua, mlenda ukamfuata mpaka kidevuni. Akainua mkono juu zaidi ili ukatike. Haukukatika. Mama alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta alizeti mbichi, halafu akamwonyesha: unazungusha tonge, unakata kwa ukingo wa bakuli. Kwenye sahani ya pili alikuwa ameshaiva, na mama akaanza kumwita "mwanangu", jina ambalo mimi nilikuwa sijalisikia tangu asubuhi.

Kesho yake tukatoka kwa bodaboda tatu. Mama alipakata dumu la mafuta ya alizeti la kuwapelekea wenyeji wetu, akakataa katakata kulifunga nyuma. Upepo wa Singida mnausikia tu kwenye redio, ule uliingia chini ya begi la gitaa la Kassim ukawa unamvuta pembeni, akawa anapiga kelele, "Simamisha! Simamisha jamani, naruka!" Dereva wake akacheka njia nzima.

Dereva wa mama alikuwa mtu wa pale pale kijijini. Tulipofika stendi akanitazama juu hadi chini.

"Mama Yunis, ndiye huyu wa hotelini?"

"Ndiye," akasema mama.

"Dada, shemeji yangu anatafuta kazi ya ulinzi. Huko kwenu hawahitaji mlinzi?"

Nikamwambia nitauliza. Ningefanya nini? Mama alikuwa ameshashika njia na dumu lake.

Singida mjini hadi Mkiwa

Basi lilipaswa kuondoka mapema. Konda akasema tunamsubiri abiria mmoja tu. Abiria huyo alipofika akawa na kreti ya kuku, na kuku wakatafutiwa nafasi kabla ya watu. Tukapata muda wa kununua viazi na vipande vya kuku wa kienyeji pale stendi, na nawaambieni ukweli, kuku tunaokula Dar ni karatasi. Kassim alinyonya mfupa mpaka ukawa mweupe, akaapa kuhamia.

Tulipopita Ikungi mama mmoja mwenye vitunguu alipanda akakaa karibu nasi. Wakaanza Kinyaturu na mama, habari za mvua, habari za ng'ombe, na mwisho nikaona kidevu kinanielekea. Nilijua swali. Nilijua na jibu.

"Yuko hotelini," mama akasema.

Nikageukia dirishani. Mtu mzima mimi, nina mvi, na bado jibu lile liliniuma. Sikutaka anisifu. Nilitaka tu aiseme kazi yangu mbele za watu kama anavyosema kazi za wenzangu: huyu mwalimu, huyu nesi, huyu anachomelea mageti.

Kabla ya kufika Mkiwa basi likaanza kutoa harufu ya kuungua. Pale njia panda ya kwenda Itigi likasimama lenyewe, wala dereva hakulisimamisha. Konda akashuka, akachungulia chini, akaja kutuambia ni jambo dogo. Mama, ambaye amekaa na mashine maisha yake yote, akanusa hewa akaanza kushusha dumu.

"Hilo si dogo," akasema. "Shukeni tukae kivulini."

Mkiwa

Sasa hapa ndipo kwenye kisa.

Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha asali, zile asali za misitu ya Itigi, ndoo na chupa zimepangwa, na mzee mmoja mnene mwenye kofia ya pama anahamisha asali kutoka ndoo kubwa kwenda chupa. Mikono yake ilikuwa inang'aa asali hadi kwenye viwiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuonyesha magogo ya kukalia. Kassim akaenda kutafuta maji. Mimi nikatoa kinanda nilainishe midomo, maana kilikuwa hakijapigwa tangu Dar.

Mtauliza cha akiba kilikuwa wapi. Cha akiba nilimwachia fundi Dar, vilimi vyake viwili vya kutoa sauti vimekatika. Nilikuwa na hicho kimoja tu.

Mzee alikuwa anamsikiliza mama akizungumza.

"Mama, kwa hiyo lafudhi wewe ni Mnyaturu."

"Mnyaturu wa Ilongero. Na wewe kwa hilo tumbo ni Msukuma."

"Aaa!" Mzee akatupa mikono juu, asali ikaruka. "Watani zangu! Mimi Luhende. Miaka yote niko hapa, Wanyaturu wamenizunguka kila upande, na leo mnaniletea zawadi mpaka mlangoni!" Kufumba na kufumbua akanipokonya kinanda. "Hiki changu."

Nanyi mnajua sheria. Mtani akichukua, amechukua. Hupigi kelele, hukunji uso. Ukikasirika umeshindwa, na watu wataisimulia aibu yako mwaka mzima. Unakomboa kwa akili au kwa maneno makali kuliko yake. Kwa hiyo nikacheka, ingawa niliona vidole vile vya asali vimekumbatia kinanda, na mzee akakipeleka mdomoni, ndevu zikiwa na asali pia, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Ndipo Kassim akarudi na maji. Utani anaujua, nani asiyeujua nchi hii, lakini salamu zilimpita. Yeye aliona mtu mgeni anakimbia kuzunguka kibanda na kinanda changu, na mimi nimesimama.

"Mwizi!" akapaza sauti. "Mwizi huyo! Mkamateni!"

Neno hilo halirudi mdomoni. Vijana wa bodaboda wakaruka kutoka kwenye pikipiki zao. Abiria wakatoka upande wa pili wa basi. Mmoja alikuwa na spana mkononi. Nikaona kicheko cha mzee Luhende kinapotea usoni.

Mama akasimama. Magoti yale mabovu sijui yalikwenda wapi. Akapanda juu ya gogo, akapiga makofi mawili.

"Kaeni chini! Hapa hakuna mwizi. Huyu ni Msukuma wangu, na mimi ni Mnyaturu wake. Kuna mwenye swali?"

Hakukuwa na mwenye swali. Kicheko kikapasuka kutoka pande zote, na sasa wote wakamgeukia Kassim. Maskini akawa anaomba radhi kwa Kiswahili cha kwao kizuri, "Niwieni radhi waungwana, sikujua, wallahi sikujua," na kadiri alivyosema vizuri ndivyo walivyozidi kucheka. Mzee Luhende alijifuta jasho kwa kofia. Alikuwa ametishika kweli, na mimi pia.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Alishuka kwenye gogo, akaenda akakalia kigoda cha mzee, akatwaa kijiko chake.

"Amechukua kinanda, mimi nimechukua duka," akatangaza. "Abiria, njooni muonje asali. Bure! Wewe mwenye mtoto, njoo. Leta na mkate."

Watu hawakuuliza mara mbili. Kijiko kikaanza kuingia na kutoka. Mzee Luhende alivumilia kidogo, akajaribu kucheka, akaona kiwango cha ndoo kinashuka.

"Mama nimeshindwa! Nimeshindwa, Mnyaturu wee, utanimaliza! Chukueni kitu chenu." Akakinyanyua kinanda juu ili wote waone. "Lakini mwenyewe apige kwanza, tujue nilichokikosa."

Watu wote walikuwa wamekusanyika. Mama yuko kwenye kigoda na kijiko mkononi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kukaa mbele yangu nikiwa nimeshika kinanda. Nikapuliza.

Ikatoka sauti ya mtu mwenye mafua. Nikapandisha juu, sauti za juu hazipo kabisa. Nikabonyeza kitufe, kikaingia, hakikutoka. Asali ilikuwa imeshuka mpaka ndani. Nikajaribu kukwepa matundu yaliyoziba nikaishia kupiga kitu kama mbuzi anayeita. Watu wakavunjika mbavu, kwa wema tu, lakini wakavunjika.

"Ndiyo hiyo?" akauliza mama.

"Mama, kina asali."

"Mm," akasema.

Hiyo "mm" niliibeba mpaka Manyoni. Mzee Luhende ndiye aliyeelewa. Alitazama mikono yake, akatazama kinanda, akanijia taratibu.

"Binti yangu, nimekuharibia?"

"Kitaoshwa, baba."

"Mkirudi mpite hapa. Nataka nikisikie kikiwa kizima." Akatutilia chupa ya asali kwenye mfuko, na wala hakufanya utani alipotupatia.

Manyoni

Basi jingine lilitupakia, tukafika Manyoni jua likiwa bado liko juu. Kinanda cha namna yangu kina skrubu ndogo mno, na bisibisi yangu niliiacha Dar pamoja na akili. Kassim, ambaye bado aliona aibu ya Mkiwa, ndiye aliyesema: "Fundi simu."

Karibu na stendi tukampata dada mmoja, Rehema, meza yake imejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Akamwamkia mama, akasikiliza shida yetu, akavuta mkoba wake wa bisibisi karibu na kifua.

"Bisibisi zangu siazimi mtu. Nitafungua mwenyewe."

Akafungua. Akang'oa kifuniko cha kwanza, cha pili, akaweka bamba la shaba juu ya kitambaa cheupe. Vilimi vyake vyote vikaonekana, safu kwa safu, vyembamba kama ukucha wa mtoto, na asali inang'aa katikati yake. Mama alikuwa amekaa pembeni kwenye benchi akikanda goti. Akatoa miwani. Akasogea.

"Hivi vyote ni nini?"

"Ni vilimi, mama. Kila kimoja na sauti yake. Hiki kinalia ukipuliza. Hiki cha chini yake kinalia ukivuta pumzi."

"Tundu hilo hilo moja?"

"Hilo hilo."

"Na hicho kibati?"

"Kinasukumwa na kitufe. Kikienda huku kinafunga matundu haya na kufungua yale, unapata sauti za katikati."

Mama akainama mpaka pua ikakaribia meza. Akakaa hivyo muda mrefu, Rehema akalazimika kusogeza kichwa chake apate mwanga.

"Kumbe ni mashine," mama akasema.

"Ni mashine, mama."

"Miaka yote hii hukuniambia kwamba ni mashine."

"Nilikuambia ni kinanda."

"Kinanda!" Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Alikuwa amekasirika kabisa, sijui ananikasirikia mimi au hiyo miaka.

Rehema alielekeza ncha ya bisibisi akwangue asali. Mama akamzuia mkono. Asali haikwanguliwi, akasema, ukikwangua utaondoka na shaba. Akaenda kwa mama ntilie wa jirani akarudi na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, na unyoya wa kuku. Nyumbani mafuta ya kwenye vyuma vya mashine vinavyozunguka tunapaka kwa unyoya wa kuku. Haukwaruzi na hauachi nyuzi. Akachovya, akapitisha juu ya kilimi kimoja kimoja kuanzia shinani kwenda nchani, akasubiri asali ilegee, akapitisha tena. Mimi nikiwa mdogo nilizoea kuona mikono ile inakifanyia hivyo kitu kimoja tu duniani. Kassim alisogea akakaa chini kabisa, amekumbatia gitaa, anatazama.

Vilipokauka Rehema akafunga, nikapuliza. Sauti zikarudi, zote isipokuwa moja ya juu iliyokuwa inavuta miguu.

"Hiyo itafunguka kesho," mama akasema. "Mashine ikitoka kuoshwa huwa hivyo."

Na kinanda akakichukua yeye, akakifunga kwenye leso, akakitia kwenye mkoba wake pamoja na Biblia na dawa za magoti. Sikukiona tena mpaka kesho yake.

Kilimatinde

Gari la kanisa lilitufuata Manyoni tulikolala, Jumapili asubuhi. Vumbi la njia ile lilitugeuza wote rangi moja. Mama alikumbatia mkoba hadi tunafika mlimani, huko juu ambako ukisimama ukingoni unaona nchi yote ya chini imelala.

Mwenyekiti wa sikukuu, Mzee Daudi, akatupokea kwa furaha, akachungulia ndani ya gari, akazunguka nyuma, akarudi.

"Na bendi?"

"Ndiyo sisi, baba," nikasema.

"Hapana, wale wengine. Tarumbeta. Ngoma."

Nikaelewa. Walikitangazia kijiji kizima kwamba inakuja jazi kutoka Dar, na kwa wazee wa kwetu jazi ni zile bendi za dansi za enzi zao, watu wengi jukwaani na suti. Ndani ya ukumbi walikuwa wamepanga viti vya wanamuziki safu mbili. Wazee walikuwa wamevaa suruali zenye mkunjo wa pasi na viatu vya kusuguliwa sakafuni. Walikuja kucheza. Wakatuona tunapanda, mwanamke na mwanamume mmoja, gitaa moja na kitu kinachoenea kiganjani.

Mama alikaa mstari wa mbele.

Tukapiga wimbo wa kwanza, ule unaopendwa sana hotelini. Ukapita kimya. Wa pili, wakapiga makofi ya adabu. Katikati ya wa tatu vijana wa nyuma wakatoka. Kisha wazee wawili. Kisha benchi zima la akina mama wakaanza kukusanya kanga zao. Kila aliyenyanyuka, mama alimgeukia, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, halafu akanirudia mimi. Hakuwa anafurahi. Hilo ndilo lililonimaliza: alikuwa ananisikitikia. Na ile sauti ya juu bado inavuta miguu.

"Yunis," Kassim akaninong'oneza, "tufanyeje?"

Nikamwashiria aache. Ukumbi ukatulia, wanaotoka wakadhani tumemaliza. Ni ukumbi ule ule niliosimama nikiwa na sare ya shule. Kwaya yetu ilifundishwa na Mwalimu Yona, sasa marehemu, ambaye hakuwa na kinanda kingine zaidi ya cha mdomo. Kabla ya kila wimbo alipuliza sauti nne, moja moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukipewa yako unaishika kwa mdomo uliofungwa, unaibana hapo, na hushushi mpaka mwalimu ashushe mkono. Aliyeshusha mapema alifagia kanisa wiki nzima. Alikifundisha kijiji hiki watoto na wazazi wao, na kinanda changu cha kwanza kilitoka mfukoni mwake.

Nikainua mkono wa kushoto. Nikapuliza sauti ya kwanza kama alivyokuwa anapuliza yeye, ndefu, na kuipandisha kidogo mwishoni.

Kwenye lile benchi la akina mama waliosimama, mmoja akaitika. Mmm. Sidhani hata alijua. Jirani yake akamshika mkono, naye akaitika. Nikapuliza ya pili. Ikatoka kushoto, watu wengi. Ya tatu ikatoka mlangoni, kwa wale waliokuwa mguu mmoja nje. Ya nne ilitoka kwa wazee wenye viatu vya kucheza, nzito, sakafu ikaisikia.

Na mtu aliyeshika sauti haendi popote. Mkono wangu ulikuwa bado juu.

Basi nikaanza kupiga juu yao. Jamani, nimepiga na wapiga piano waliosoma ng'ambo, sijawahi kushikiliwa na kitu kama kile. Nilikwenda mbali, nikarudi, nikaenda mbali zaidi. Nikawapa sauti ya nne mpya, wazee wakahama nayo kama wamefanya mazoezi jana. Kassim akaingia taratibu na mdundo wa kucheza, na wazee wakaanza kusugua viatu huku wanaimba midomo imefungwa. Waliotoka wakarudi, wakaleta na wenzao, madirisha yakajaa. Ile sauti ya juu iliyokuwa inavuta miguu, nikaiendea bila kufikiri, ikafunguka, ikatoka safi, nikaona mama amepiga paja lake kwa kiganja.

Nikasikiliza vizuri. Mama hakuwahi kuimba na Mwalimu Yona, lakini alikuwa ameshika sauti. Ya nne, ya wanaume. Nikaijua ile sauti. Ni mngurumo wa mashine yetu, aliousikia kila siku ya maisha yake, na alikuwa ameukamata barabara.

Tulipiga mpaka jua likaegemea bonde. Nilipoushusha mkono hakuna aliyekuwa ametoka tena, na vigelegele vilivyofuata sijawahi kupata vya namna hiyo popote. Nililia, sifichi. Mama akapanda jukwaani kwa goti lake bovu, akavua kanga ya begani akanifunga nayo, akanifuta mdomo kwa pembe yake kama natoka kula. Akakipokea kinanda, akakikung'uta mate, akakifunga kwenye leso.

Mzee Daudi alikuja kunishika mkono. "Bendi ilikuwa kubwa," akasema.

Kurudi

Mkiwa tuliteremka kwa makusudi. Mzee Luhende alinawa mikono kwanza, akatuonyesha viganja pande zote mbili, kisha akakaa kusikiliza. Nikampigia wimbo mzima. Kassim alitaka kumwomba radhi upya, mzee akamwambia radhi ya Mtanga ni ndefu kuliko barabara ya Itigi, aache. Mama aliondoka na kijiko chake mfukoni. Mzee alikiona, akamwachia, na nina hakika ni lazima siku moja atafunga safari ya Ilongero kukikomboa.

Nyumbani tulikuta magunia yamepangana nje, na mtoto wa mamdogo, anayesaidia pale, ameshawasha. Mama alibadilisha nguo akaingia kazini. Mimi na Kassim tulikuwa tunasubiri bodaboda zitupeleke kwenye basi la Dar. Habari ya mashine mama hakuwa ameigusa tangu Kilimatinde, na mimi sikuthubutu kuigusa.

Yule dereva wa siku ya kwanza ndiye aliyekuja. Akaegesha, akanitazama, akamgeukia mama na kupaza sauti juu ya mngurumo.

"Mama Yunis! Huyu wa hotelini karudi jumla? Ndiye ataendesha mashine?"

Wateja wote wakageuka kunitazama.

"Hii ataendesha mtoto wa mdogo wangu!" mama akajibu kwa kelele vile vile. "Huyu ana mashine yake! Anapiga kinanda cha mdomo!"

"Anapiga nini?"

Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akanipa kinanda mbele ya watu wote. Nikakitazama, nikatazama foleni ya magunia, nikamwonyesha masikio yangu kwamba kwa kelele ile hakuna atakayenisikia.

Mama akajifuta mashudu mikononi, akapita nyuma, akazima mashine.